Kipaimara cha Syeren na Kicheko cha Katibu

USHARIKA WA ELIM, TONDANO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA BARAZA LA WAZEE KILICHOFANYIKA NYUMBANI KWA MWENYEKITI, JUMAMOSI TAREHE 14 SEPTEMBA 2019, SAA 9:00 ALASIRI

WALIOHUDHURIA
Mzee Herling Kaunang – Mwenyekiti
Mzee Wempi Lontoh – Katibu
Shemasi Jeltje Wowor – Mwalimu wa kipaimara
Wajumbe wengine watatu, waliokaa karibu na ndizi za kukaanga na pilipili yake

WAALIKWA
Bi. Altje Mamuaja na binti yake Syeren (miaka 19), ambaye ni kiziwi

ASIYEHUDHURIA
Shemasi Novry Sumual – anachuma karafuu (kwa taarifa)

KUMB. NA. 1/9/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Sala ilikuwa ndefu. Ndizi zilipoa.

KUMB. NA. 2/9/2019: KARAMA ZA WAJUMBE
Mwenyekiti aliagiza kila mjumbe ataje karama aliyopewa na Mungu na jinsi anavyoitumia. Wajumbe wanne walitaja karama ya kuomba. Shemasi Jeltje alisema amegundua kwamba karama hiyo hushuka kwa wingi siku ya kuosha vyombo. Katibu alitaja karama ya kuandika kumbukumbu. Mwandiko wake ulisifiwa. Aliyeusifu ni Katibu.

KUMB. NA. 3/9/2019: KIPAIMARA CHA SYEREN
Mwenyekiti alieleza kwamba kipaimara ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwamba vikao vitatu vilivyopita viliandika kuwa usharika hauna mtu ajuaye lugha ya alama. Kwa hiyo alipendekeza binti asimame na wenzake, na akiulizwa kama anaiamini imani hii aitikie kwa kichwa. Alisema Mungu husoma mioyo.

Bi. Altje alimfafanulia binti yake kwa alama chache za nyumbani walizozizoea. Binti alimjibu kwa alama za shuleni, ambazo mama hazijui, kwa urefu kidogo.

Saa 10:25 Katibu alicheka.

Mwenyekiti alitaka kujua kinachochekesha. Katibu alisema amekumbuka jambo la zamani. Ndipo Syeren alipomgeukia Katibu na kumuuliza kwa mikono kama anaelewa alama. Mikono ya Katibu, bila kushauriana na mwenyewe, ilijibu: "Hapana."



Bi. Altje alisimama, akasema, na Katibu anayaandika kama yalivyotoka (Om ni mjomba): "Om Wempi! Miaka minne unatupokea pale mlangoni, unatupa na kitabu cha nyimbo, kumbe mdomo wa mwanangu umeutia mfukoni?"

Shemasi Jeltje aliuliza binti alikuwa amesema nini. Katibu alijaribu kukwepa. Alipobanwa alitafsiri: "Huyu mzee anataka niitikie kwa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi, tena mbele ya kanisa zima, nimevaa blauzi mpya ya kebaya." Mwenyekiti aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hakukasirika. Imeingia.

KUMB. NA. 4/9/2019: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba ndugu yake, marehemu Yopi, alikuwa kiziwi, na kwamba kabla ya kuhamia kijiji hiki kwa mkewe alikuwa mkalimani wa Yopi kwa miaka arobaini: sokoni, hospitalini, hata siku Yopi alipoposa. Yopi alipofariki, Katibu alisema atapumzisha mikono kidogo. Pumziko lilinoga, likafika mwaka wa kumi na mbili. Aliongeza kwamba alihofu akianza tena hataachwa apumue.

Alieleza pia kwamba alama zake ni za kizamani, magoti yanamuuma, na huenda Bwana angeinua mtu mwingine mwenye nguvu.

Shemasi Jeltje alisema: "Magoti? Kwani alama unazipiga kwa magoti? Umeandika mara tatu kwamba hakuna mtu, Om, kwa mkono huohuo!" Katibu aliliandika na hilo.

Syeren aliomba kusema. Kwa mara ya kwanza katika baraza hili maneno yake yalitafsiriwa, na Katibu ndiye aliyeyatafsiri, akikosea mara mbili: "Mnafundisha kwamba kila mtu atajibu mwenyewe mbele za Mungu. Mbona mimi mnanijibia? Nataka kulielewa swali ninaloulizwa. Pengine nitasema ndiyo. Lakini hiyo 'ndiyo' iwe yangu."

Sauti ya Katibu ilikatika kabla ya neno la mwisho. Alisingizia pilipili ya ndizi. Hakuwa amekula ndizi.

Mwenyekiti alisema taratibu kwamba yeye naye alipendekeza kichwa kwa sababu kichwa ndicho kilichokuwa rahisi kwa Mwenyekiti. Alimwomba binti radhi, na Katibu alilitafsiri ombi hilo kwa mikono, akaongeza na la kwake.

KUMB. NA. 5/9/2019: MAAZIMIO
(a) Katibu amfundishe Syeren mafundisho ya kipaimara pamoja na Shemasi Jeltje, kila Jumanne na Ijumaa, na amtafsirie siku yenyewe. Katibu aliuliza kama azimio hili lipigiwe kura. Aliambiwa aandike.
(b) Maneno "usharika hauna mtu" yafutwe katika kumbukumbu za vikao vitatu vilivyopita, na mahali pake paandikwe "Katibu alikaa kimya."
(c) Syeren amfundishe Katibu alama za siku hizi. Hili ni sharti la Syeren mwenyewe, na hakukubali lipunguzwe.

KUMB. NA. 6/9/2019: KUFUNGA
Mwenyekiti alimwomba Katibu atafsiri sala ya kufunga. Katikati ya sala Syeren alianza kutikisika mabega. Ilibainika kwamba alama ambayo Katibu na nduguye waliitumia kwa "baraka" siku hizi ni "bata," na kwamba kupitia mikono ya Katibu usharika ulikuwa umeomba bata wengi washuke juu ya kila nyumba. Bi. Altje alisema wakishuka yeye atawapika.

Syeren alisogea, akavishika vidole vya Katibu, akavikunja kimoja kimoja mpaka vikakaa sawa. Sala ilirudiwa tangu mwanzo. Maneno ya sala hayakuandikwa, kwa kuwa mikono ya Katibu ilikuwa kazini.

Kikao kilifungwa saa 11:40 jioni.

(Sahihi) H. Kaunang, Mwenyekiti
(Sahihi) W. Lontoh, Katibu