Zarina Atasema Mwenyewe

Jumanne, 7 Oktoba

Uji saa moja. Dawa saa moja na nusu. Mhudumu amefika saa tatu badala ya saa mbili. Mgeni tena, wa nne ndani ya wiki mbili. Mke wangu Zarina kamwambia maji ni ya baridi. Kwa Kiswahili, maana tangu kiharusi Kiingereza kimemtoka chote. Binti wa watu hakuelewa; huku ughaibuni Kiswahili wanakijua wachache. Alipoondoka nikasoma faili wanaloliacha hapa nyumbani: mgonjwa amekataa kuoga.

Nikafunua kurasa za nyuma. Amekataa. Amekataa. Amekataa.

Nina hasira. Sina pa kuzipeleka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ofisi ya huduma za nyumbani wamepiga simu. Kwa kuwa mke wangu "hatoi ushirikiano", mwezi ujao watakuja kumpima waone kama afadhali ahamie kwenye nyumba ya wazee. Nimempigia Farida kule Unionville. Binti yetu husikia Kiswahili, hujibu Kiingereza. Anaona labda ni kweli, labda nimechoka. Nimechoka, ndiyo. Hilo halimhusu mama yake.

Nimeitafuta ile barua ya baraza. Serikali imewachagua wakazi kwa bahati nasibu watoe maoni kuhusu matunzo ya wazee. Jina langu limo. Nilishakubali, kisha nikataka kujitoa. Sasa nitakwenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Farida amekaa na mama yake. Mimi mtaa wa Regent Park, ukumbini, kwenye kikao cha baraza. Dereva wa teksi, mwanafunzi, nesi mstaafu, watu wa kila namna. Msimamizi akasema tuzungumzie mji mzima, siyo nyumba zetu. Mimi nikazungumzia nyumba yangu. Nikaeleza habari ya faili. Walinipigia makofi, nami nikajiona mtu.

Kisha akauliza Bi. Dorothy. Ana miaka themanini na kitu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaishi peke yake. "Na mkeo mwenyewe anasemaje?"

Nikajibu kwamba kuongea kunamchosha. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Hakuniamini.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemuuliza. Baada ya chai nikavuta kiti karibu nikauliza anataka nini kwa hawa wahudumu. Maneno yake huja moja moja. Nimezoea kumalizia. Leo nikang'ata ulimi.

"Unanijibia," akasema.

Nikasema ninamsaidia.

"Kila kitu. Hata chai, sukari ngapi."

Imeniuma sana. Nikatoka nikatembea korido yote ya ghorofa yetu hadi kwenye lifti na kurudi, mara tatu. Miaka arobaini na sita ya ndoa. Nilidhani wanaomnyamazisha ni wale wanaokuja asubuhi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwandikia msimamizi kuuliza kama Zarina anaweza kuja kusema. Amejibu: siyo mjumbe, lakini mgeni anaruhusiwa dakika tano. Mkalimani wa Kiswahili hawana siku hiyo. Naweza kutafsiri mimi, kwa sharti nitafsiri tu.

Nilipomwambia Zarina akaniomba nitoke chumbani. Alikuwa akijizoeza. Nimesikiliza mlangoni kama mwizi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho ndiyo siku. Presha yake imepanda asubuhi, mchana ikatulia. Nesi kwa simu kasema siyo vibaya, apumzike tu. Nikasema basi tuahirishe. Zarina hakubishana. Akafungua kabati kwa mkono wake mzima, akatoa shali ya kijani, akaitandika kitandani.

Naogopa. Akizidiwa mbele za watu nitajilaumu mpaka kufa. Lakini sijaahirisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Nataka kuandika kabla sijasahau.

Gari la viti vya magurudumu lilichelewa, tukaingia wenzetu wameshaanza. Zarina akawekwa mbele. Akaitengeneza shali mabegani kwa ule mkono mzima. Msimamizi akanitazama, yaani nianze mimi. Sikuanza.

Kisha akasema: "Mimi siyo mbishi. Naulizwa kwa lugha nisiyoijua tena. Nikijibu, wanaandika nimekataa."

Nikatafsiri. Nikaongeza kwamba alikuwa mwalimu Morogoro, watoto wengi sana wamepita mikononi mwake.

"Sikusema hivyo, Baba Farida."

Ilibidi nilitafsiri na hilo. Watu wakacheka, naye akacheka, upande mmoja wa uso. Basi woga ukaisha.

Akaendelea. Lugha ya mgonjwa iandikwe ukurasa wa kwanza. Aje mtu yuleyule, mgonjwa asivuliwe nguo na mgeni kila siku. Na waulizwe wagonjwa kwanza, ndipo waulizwe waume, wake na watoto. Hilo la mwisho nililitafsiri nikitazama sakafu.

Bi. Dorothy ndiye aliyetaka yote matatu yaingie kwenye mapendekezo. Mikono ikanyooshwa. Yameingia.

Kwenye gari akalala begani kwangu.

Jumatano, 26 Novemba

Mpimaji amekuja. Nilimwomba atumie mkalimani wa simu, akakubali bila neno. Mimi nikaenda jikoni. Saa nzima. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Farida alikaa nami, akauliza kama sitaki kuingia. Nikasema nataka.

Uamuzi: abaki nyumbani. Farida kanikumbatia. Kaniambia "pole, Baba" kwa Kiswahili.

Alhamisi, 12 Februari

Theluji tangu jana, mtaa wetu wa Thorncliffe wote mweupe. Jibu la wizara kwa mapendekezo ya baraza limefika. Lugha ukurasa wa kwanza: wamekubali. Mgonjwa kuulizwa kwanza: wamekubali, wataanza na mitaa michache, yetu ikiwemo. Mhudumu yuleyule: watalifikiria. Maana yake hapana, kwa sasa. Nimemsomea Zarina yote, hata hilo. Kasema Bi. Dorothy hataliacha hivihivi.

Mchana mhudumu kaleta fomu mpya. Lugha gani. Aitwe nani. Zarina kasema Kiswahili, na aitwe Zarina, siyo bibi. Nikaandika kama alivyosema. Chini pana mahali pa sahihi, ya mgonjwa au ya mwakilishi. Nikampa kalamu.

Ameandika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, herufi kubwa, zinapanda mlima. Imechukua muda. Mhudumu alisubiri. Mimi pia.