Mpangaji wa Chumba Changu

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla hata hujavaa miwani. Mguu unaendeleaje? Usiniambie "haujambo" tu kama kwenye simu. Niambie unapanda ngazi ya barazani mwenyewe au bado unashika ukuta. Mimi mzima, alhamdulillahi. Kazi ni ileile, kufua mashuka ya hoteli, na joto la huku usiombe. Barua hii anakuletea Saidi, mwenzangu chumbani, anayekuja likizo kwao Kaole. Nimeandika kwa sababu kwenye simu maneno yananishinda, na utaona ni kwa nini.

Mama, tangu uteleze pale uani wakati wa masika, ukabaki chini mpaka jirani Bi Mwanahawa alipokusikia, mimi sina raha. Ndiyo maana niling'ang'ania tupangishe chumba changu, upate mtu wa kukusikia. Wewe hukutaka. Ulisema, "Na Shabani akija alale wapi?" Nikakubembeleza mpaka ukakubali shingo upande, nikamwambia dalali, Mzee Kombo, kila anayekuja kuona chumba anipigie nimhoji mwenyewe.

Najua mmenichoka. Yule wa bodaboda nilimkataa kwa ajili ya maspika yake mawili, makubwa kama ya harusini. Angekumaliza kwa kelele. Wale mtu na mkewe niliwauliza cheti cha ndoa, mume akasema ndoa iko njiani. Nikamuuliza imefika wapi. Ulicheka, mama, nikakusikia, nami nikafurahi siku nzima. Yule fundi cherehani hakuwa na kosa lolote. Nilimkataa kwa sababu aliuliza kama kitanda changu kinaweza kutolewa nje.

Halafu Jumapili akaja huyu mwalimu, Rehema, aliyehamishwa kutoka Korogwe. Kitambulisho anacho, barua ya serikali ya mtaa alikotoka anayo. Nikamuuliza, "Usingizi wako mzito?"

Mzee Kombo akadakia, "Bwana Shabani, unapangisha au unaposa?"

Mwalimu hakucheka. Alisema amemuuguza bibi yake miaka mitatu, na mtu akikohoa chumba cha tatu yeye ameshaamka. Moyo wangu ukatulia palepale.

Kisha akasema, "Na mimi nina swali, kaka. Nimeona nguo zako zimetundikwa humu. Unarudi lini? Nisije nikahamia leo, baada ya miezi miwili nikaambiwa nitoe vyombo, mwenyewe kaja."

Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, wote mnasikia. Wewe ulikuwa ukipepeta mchele pembeni. Nikasikia ungo umenyamaza. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Mtandao haukusumbua, mama. Sirudi mwaka huu, wala mwakani. Kabla ya Ramadhani nilisaini miaka miwili mingine, na sikukwambia. Nilikuahidi Maulidi, nikakuahidi Idi, na kila ukiniuliza nakujibu "karibuni". Huko karakana yetu ilifungwa, kazi sina. Hapa kazi ipo. Sina sababu nyingine. Nilishindwa kukwambia kwa kuwa najua kila Ijumaa unafua shuka la kitanda kile asicholalia mtu. Mimi huku nafua mashuka ya watu nisiowajua kutwa nzima, na hakuna hata moja linalonukia udi wako. Nimekukumbuka, mama, mpaka naona aibu mtu mzima mimi. Nakumbuka mchuzi wako wa papa, nakumbuka unavyogombana na paka asubuhi. Na nikuambie ukweli: maswali mengine niliyowauliza wale watu yalikuwa ya kijinga makusudi, ili simu isikatwe upesi, nisikie uani kwetu.

Sasa mchukue mwalimu. Mzee Kombo aandike mkataba wa miaka miwili kamili, asije mtoto wa watu akahangaishwa. Nguo zangu zitie sandukuni, uziweke chumbani kwako. Kitanda alalie yeye.

Nisalimie shangazi wa Kaole aliyenifundisha kupika, mwambie wali wangu bado unaungua. Bi Mwanahawa mwambie namwombea kila sala kwa kukuinua siku ile. Mzee Kombo anisamehe kwa kumpandisha na kumshusha bure.

Ukimaliza kusoma, unigombeze. Nipigie hata kama ni kunigombeza tu, nitapokea.

Na mwalimu akianza kukuita mama, mwitikie. Nitaona wivu, lakini mwitikie.

Mwanao,
Shabani