Choo cha Wageni Kinanuka, Baba Anamshtaki Jirani

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuomba unisaidie, na kwanza unisamehe, kwa sababu jambo lenyewe ni la choo na sijui kama gazeti linaruhusu, lakini nimefikiria wiki mbili nzima ni nani mwingine nimwambie, nimekosa. Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, naishi na wazazi wangu Buswelu hapa Mwanza, na sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua.

Nyumba yetu ina vyoo viwili. Kimoja kiko nje, cha kuchuchumaa, ndicho tunachotumia sisi, na bafu letu liko huko huko. Kingine kiko ndani, karibu na sebule, kina vigae vyeupe mpaka darini, sinki la kunawia, sehemu ya kuogea, taulo mbili ambazo hazijawahi kulowa na sabuni ambayo bado iko kwenye karatasi yake. Hicho ni cha wageni. Kinafungwa kwa ufunguo, ufunguo unakaa ndani ya birika la chai kabatini, na hakuna anayeingia isipokuwa mama, ambaye kila Jumamosi hufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu baba hataki maji yaache madoa. Tumehamia hapa miaka minne iliyopita na mpaka leo choo hicho hakijapata mgeni wake. Padri alipokuja kubariki nyumba alikibariki na chenyewe, lakini hakukitumia. Shangazi zangu wakija kutoka Bukoba baba anasema hao siyo wageni, ni ndugu, wanaonyeshwa cha nje.

Sasa Mshauri, sebuleni kwetu kunanuka. Ni harufu kama ya yai viza na maji ya vyombo yaliyolala siku tatu, na haitoki hata mama akichoma ubani. Baba anasema ni dagaa wa Mama Queen. Mama Queen ni jirani yetu, mjane kutoka Nansio kule kisiwani, anachukua dagaa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, na kuwaanika juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya ukuta wetu, na hao dagaa ndio waliomsomesha mwanawe Queen, ambaye nilikaa naye dawati moja miaka yote minne. Baba akaamuru madirisha ya upande wa jiwe yafungwe siku zote. Harufu ikazidi, naye akasema mnaona, huyu mama sasa anaanika kwa makusudi.

Naomba nieleze pia kwamba kazi ya baba ni kukagua shule, na akifika shule yoyote anaanza na vyoo, anasema ukitaka kumjua mwalimu mkuu usiangalie ofisi yake. Kwa hiyo hapa nyumbani hakuna anayeweza kumwambia baba kitu kuhusu choo.

Basi baba akamwandikia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Luhaga, barua ya kurasa mbili kwamba hewa ya mtaa imechafuliwa. Mzee Luhaga akaja, akaketi sebuleni, akatoa leso.

"Kweli Mzee Lwakatare, hapa pana harufu."

"Na leo hajaanika," baba akasema.

Mzee Luhaga akatazama madirisha yaliyofungwa kama anayepiga hesabu, halafu akaomba aonyeshwe msalani. Mimi nilijua sasa mgeni amepatikana, nikaangalia birika. Baba akaniambia, "Mpeleke mwenyekiti nje, na maji mjazie ndoo." Baadaye alimwambia mama kwamba kile cha ndani ni cha wageni, siyo cha mtu wa hapa hapa mtaani.

Barua ikabaki kwa mwenyekiti, kisha wazazi wangu wakasafiri kwenda Bukoba kwenye msiba, siku kumi, nikabaki peke yangu. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Siku ya pili niliona nyoka anaingia choo cha nje, na mimi naogopa sana nyoka, nikashindwa, nikatoa ufunguo kwenye birika. Nilikitumia choo cha wageni, Mshauri. Nilioga humo, nikanawa kwenye lile sinki, nikafua hata nguo zangu humo, halafu nikafuta kila kigae kisiwe na doa. Siku ya nne nikaona harufu haipo. Nikadhani pua yangu imezoea, nikamwita Queen aje tunywe chai, na alipoingia tu akasema:

"Ee, leo kwenu hakunuki!"

Nikamwambia, "Kwetu? Si ni dagaa wenu?"

"Dagaa gani wananuka choo wewe? Mtaa mzima unajua ni kwenu. Mama alituambia tusiseme, Mzee Lwakatare ni mtu mkubwa, ataona aibu."

Nilitamani sakafu inimeze. Halafu nikachungulia dirishani, na lile jiwe lilikuwa limejaa dagaa kuliko siku zote, kwa sababu wiki ile jua lilikuwa kali.

Wazazi waliporudi, baba alisimama mlangoni akavuta hewa, akasema, "Mnaona barua ilivyofanya kazi?" Ufunguo nilikuwa nimeshaurudisha kwenye birika. Kama mwezi mmoja baadaye harufu ikarudi, baba akasema ameanza tena, akaandika barua ya pili, na sasa mkutano wa mtaa umeitishwa Jumamosi ya wiki ijayo kuamua kama Mama Queen akatazwe kuanika. Akikatazwa hana jiwe lingine, amesema atarudi Nansio, na Queen aliyepata nafasi ya chuo cha uuguzi hapa mjini hatakuwa na wa kumsomesha. Siku hizi Queen akinisalimia ninaingia ndani haraka.

Niliwaza nikimwaga maji humo kwa siri itatosha. Juzi niliiba ufunguo nikamimina jagi moja kwenye choo, harufu ikapungua lakini haikuisha. Na hata ikiisha, baba atasema Mama Queen ameogopa mkutano, kwa hiyo ni kweli alikuwa yeye. Nisipomwaga kunanuka na kosa ni la Mama Queen, nikimwaga kunaacha kunuka na kosa bado ni la Mama Queen. Nikisema ukweli lazima niseme nilivyoujua, yaani nilichukua ufunguo, nikaoga kwenye choo cha wageni, halafu nimwambie mkagua vyoo kwamba choo chake kinanuka. Mimi hata kuomba chumvi mezani naona aibu. Nifanye nini?

Binti Mwenye Aibu, Buswelu

*

MAMA PRUDENCIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Gazeti linaruhusu. Limeshaandika ndoa, mirathi na hotuba za viongozi, choo hakiwezi kulichafua.

Pole kwa nyoka na pole kwa aibu. Lakini pole yangu ni fupi, kwa sababu wewe hukosi ukweli, unao wote. Umenieleza vizuri mimi nisiyekujua, kwa mwandiko safi na nukta mahali pake, na mtu unayekula naye ugali kila siku hujamwambia neno. Na Queen alipokwambia, ulimpa chai ukamnyima jibu. Hilo ndilo kosa lako. Kuoga siyo kosa.

Tuanze na choo. Nilimwendea fundi bomba ninayemwamini, Nestory, nikamsomea barua yako bila majina. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Ameitwa, anasema, kwenye nyumba tatu za namna hiyo mwaka huu, zote nzuri, zote zina choo kisichoguswa. Sikiliza alivyonifafanulia. Chini ya kila tundu la maji machafu bomba limekunjwa kama shingo ya bata. Katika mkunjo huo hubaki maji kidogo, na hayo maji ndiyo kizuizi cha hewa ya shimo la maji machafu. Maji ya choo chenu cha nje, ya bafu na ya jikoni, nina hakika yote yanakwenda kwenye shimo moja na hicho cha ndani. Choo kikitumika, maji ya kwenye mkunjo hubadilika kila siku. Kisipotumika hukauka, na hewa ya shimo hupanda taratibu mpaka kwenye makochi. Baba yako amefunga mlango wa mbao akaacha wazi ule wa maji. Halafu akafunga na madirisha, isije ikatoka.

Kwa hiyo choo chenu hakinuki kwa kuwa kichafu. Kinanuka kwa sababu kimetunzwa sana.

Jagi lako moja halikutosha kwa kuwa humo ndani kuna matundu matatu: choo chenyewe, sinki, na lile la sakafuni pa kuogea. Kila moja limwagiwe maji, la sakafuni ndoo nzima, na irudiwe kila wiki hata kama hakuna mgeni wala ndugu. Mkisafiri muda mrefu, baada ya maji ongezeni kijiko cha mafuta ya kula kwenye sinki na sakafuni, yanaelea juu na kuchelewesha kukauka. Mwambie mama yako aache kitambaa kikavu, apige deki kama watu wengine. Madirisha yafunguliwe. Baba aangalie pia lile bomba refu la kutolea hewa kwenye shimo, Nestory anasema mafundi wengine hulikata fupi au hulifunika kwa bati ili lisiharibu sura ya nyumba. Dawa kali za kuua harufu msimimine, zinaua vijidudu vinavyolisaidia shimo kufanya kazi yake. Na wewe usithubutu kufunua mfuniko wa shimo kuchungulia. Hewa ile imeshaua watu wazima wenye nguvu.

Choo kimekwisha. Sasa baba.

Kumwaga maji kimyakimya nakukataza, na sababu umeshaiandika mwenyewe vizuri kuliko ningeweza kuiandika mimi. Ukifanya hivyo utakuwa umesafisha ushahidi wa mtu asiye na kosa, na baba yako atamshukuru mwenyekiti.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Mkutano ni Jumamosi. Usingoje Ijumaa. Leo hii mtafute mama yako kwanza, jikoni, mwambie yote pamoja na nyoka. Usishangae akikwambia alikuwa anajua. Mwanamke aliyefuta chumba hicho miaka minne ana pua. Kisha nendeni wote wawili kwa baba, akiwa ameshakula, pasiwe na mtu wa nje. Mwamkie. Usiseme "choo chako kinanuka." Sema, "Baba, nilichukua ufunguo bila ruhusa, naomba radhi. Siku nilizokitumia hakukuwa na harufu, na dagaa walikuwepo." Halafu mwombe akague. Yeye ni mkaguzi, na mkaguzi hakatai kuonyeshwa kitu kwa macho. Mimineni maji mbele yake kwenye matundu yote matatu, fungueni madirisha, mumwache aketi sebuleni mpaka kesho yake, jiwe likiwa limejaa dagaa. Pua yake itamalizia.

Atakasirika. Mwache akasirike, ni nyumba yake. Pengine atasema umemwaibisha. Mjibu kwa adabu kwamba mtaa mzima unajua tangu zamani, na aliyewaambia watu wanyamaze ili asiaibike ni Mama Queen. Hapo usiongeze neno, toka umwachie hiyo.

Ninaamini baba yako atamfuata Mzee Luhaga mwenyewe na kuiondoa barua. Wazee wengi wakali hufanya jambo la haki wakipewa nafasi ya kulifanya bila kutazamwa. Na mimi hapa nikiwa na bahati, amesoma mpaka mstari huu. Shikamoo mzee. Binti yako hakukushtaki, ameomba ushauri.

Lakini akikataa, mwanangu, kazi inabaki kwako. Una miaka kumi na minane, mkutano wa mtaa ni wako kama ulivyo wa mwenyekiti, na ukinyamaza siku hiyo Queen atapanda meli na mama yake kwa sababu ya ndoo tatu za maji. Nenda. Keti karibu na Mama Queen ili usije ukakimbia. Mwenyekiti akiuliza kama yupo mwenye neno, nyoosha mkono, simama, taja jina lako, useme: "Harufu ni ya kwetu." Halafu kaa chini. Maneno mengine yote waachie watu wazima, wao wameyazoea.