Tairi Pana la Mke Mwenza

Nyumba ya kona, nyuma ya kinyozi,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu, ila zifute grisi kwanza kabla hujaziweka mfukoni. Hujambo? Mgongo nao haujambo? Nasikia umewekewa meno mapya na kwamba unayavua wakati wa kula ili yasichakae. Endelea hivyo hivyo, hiyo ni mali. Mkeo na watoto natumaini ni wazima na wanakuvumilia kama kawaida.

Sisi huku ni wazima. Dada yako anakula, analala, anatoa amri. Urefu wake haujapungua hata kidogo, wewe uliyewaambia wageni siku ya harusi yetu kwamba mfupi ameoa ngazi. Goti ndilo linamsumbua akitembea mwendo mrefu. Mimi sina ugonjwa wowote ila uzee, na huo sijaukubali bado.

Sasa habari. Unaikumbuka pikipiki yangu, ile uliyoomba kuijaribu ukaingia nayo kwenye banda la kuku la jirani? Bado ipo, na injini yake inanguruma kuliko kijana yeyote wa mtaa huu. Dada yako anaiita mke mwenza, maana anasema yeye namsalimia kwa mbali, lakini hiyo kila asubuhi naipangusa. Tatizo lilikuwa nyuma. Nikimpakia mtu, mkia uliyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Siku moja tukirudi kutoka hospitali uliyumba vibaya, dada yako akashuka, akatembea na goti lake lile lile mpaka nyumbani, akaapa hatapanda tena.

Hapo mpwa wako mkubwa, yule muuguzi, akapata sababu. Aliitisha kikao, akakaa katikati kama hakimu, akatoa hukumu kwamba mzee hafai kuzurura peke yake na chuma kibovu. Mama akikubali kupanda tena, pikipiki ibaki. Akikataa, iuzwe. Na mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mwenye hoteli mmoja anayetaka kuiweka mapokezi, aipambe kwa vyungu vya maua. Shemeji, chakula kilinishinda. Mashine iliyonipeleka kazini ujana wangu wote, leo ikamwagiliwe maji kama mchicha.

Nikaikokota mpaka kwa fundi, yule tunayemwita Bwana Subiri kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Akalala chini, akachungulia, akaniita nami nilale. Ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma ulikuwa na ufa pale ulipochomelewa, na bushi zake, zile pete za kwenye maungio, zimelika hadi unautikisa kwa kidole. Wa kufanana nao haupatikani tena. Lakini kwenye vyuma vyake chakavu alikuwa na mkono wa pikipiki kubwa zaidi, mnene, mrefu kidogo, pamoja na shokomzoba zake za kumeza mitikisiko na tairi pana kama mgongo wako enzi zile ulizokuwa unakula bila kuvua meno. Nikasema, funga. Akasema, subiri.

Mkono mpya ulikataa kuingia kwenye fremu, ukapelekwa kwa mchonga vyuma akaupunguza pembeni na kuutengenezea bushi zake. Tulipoupachika, cheni ikawa inasugua tairi, kwa sababu tairi limenenepa na cheni iko pale pale ilipokuwa. Sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, ikasogezwa nje kwa kipande cha chuma, na ya mbele ikaifuata, cheni ikanyooka. Fundi alivuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kuona kama yako sawa, nami nikashika ncha moja na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Madigadi haikutosha, tukaikata. Fimbo ya breki ilikuwa fupi, tukaiunga. Hata stendi ya pembeni haikufika chini vizuri, maana nyuma kumeinuka, pikipiki ikawa imeinama kama inasikiliza umbeya. Niliicheka mpaka nikakohoa. Tukaiongezea stendi kipande.

Mtu mwenye akili hapo angejiuliza jambo. Mimi nilikuwa bado nacheka.

Siku ya majaribio nilipandia kwenye kizingiti cha gereji, fundi akiishikilia, nikaondoka. Raha niliyoipata haiandikiki kwa elimu yangu hii ya darasa la nne. Niliipitisha kwenye mashimo, kwenye kokoto, kwenye ile kona ya soko inayoangusha watu, nayo imetulia kama imeshonwa na barabara. Nikawa nawapungia mkono watu nisiowajua. Kisha nikafika njia panda mbele ya kinyozi, lori likawa linapita, nikasimama. Nikateremsha mguu. Mguu ukaenda, ukaenda, haukukuta kitu.

Nilianguka polepole, Shemeji, kwa heshima zote, huku nikitazamana na wateja waliojaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, na bado alitoka nje kuja kunicheka. Sikuumia chochote ila jina. Tulipima kila kitu isipokuwa miguu yangu. Stendi iliongezewa kipande, mimi hakuna aliyeniongezea.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta dada yako mlangoni, mikono kiunoni, nikajua basi, maua. Kumbe hakugomba. Alitaka tu nimpeleke gereji akaone mwenyewe. Tulikwenda mguu kwa mguu, mimi nikiisukuma pikipiki, yeye akinisukuma kwa macho. Bwana Subiri alishalijua kosa. Akamweleza kwamba akipata shokomzoba fupi ataishusha, kazi ya siku moja. Dada yako akaiendea pikipiki. Alipanda, akaketi nyuma, akateremsha miguu yake yote miwili, nyayo zikalala sakafuni. Akaishika pikipiki wima peke yake.

"Panda," akaniambia.

Nikapanda mbele kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Kila tuliposimama, mimi nilining'iniza yangu, yeye akaweka yake chini. Mbele ya kinyozi alinisimamisha bila sababu yoyote, ili wale wa kwenye benchi watazame vizuri. Mkia haukuyumba hata kidogo. Alinishika kiuno, na si kwa hofu, ingawa ukimuuliza atakataa.

Tuliporudi, fundi alikuwa ameshashika spana.

"Usiguse," dada yako akamwambia. "Miaka yote huyu alikuwa anaondoka, mimi nabaki jikoni nasikiliza mlio ukiishia kwenye kona. Iache hivyo hivyo ilivyo juu. Sasa haendi popote bila mimi."

Bwana Subiri akanitazama. Nikamwambia hata mimi ndivyo nilivyokuwa napanga.

Mpwa wako ameridhika, shingo upande, na mwenye hoteli ameambiwa maua yake ayapande chini kama watu wengine. Nawe ile ngazi yako uliyonichekea mbele za wageni, jua kwamba ndiyo stendi yangu, na siikopeshi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie binti yake amepanda cheo. Msalimie mkeo, na kitinda mimba wako, na yule binamu yenu anayejifanya hanikumbuki tangu nimtanie. Mola awape afya na riziki, akulinde wewe, ayalinde na meno.

Naishia hapa. Dada yako ameshavaa kofia ngumu, yuko nje amekaa juu ya mke mwenza, ananipigia honi.

Mimi nikupendaye hata unaponicheka,
Shemeji yako, asiyegusa chini.