Mwenye Namba 417

Ufukoni, Mtwara
6 Agosti 2023

Kaka Hemedi,

Assalaam alaykum. Huku kwetu Warda ana mafua na baba yake ana hasira, na katika hayo mawili ni mafua ndiyo yanayotibika. Wifi hajambo? Mguu wake je?

Sikupigi simu kwa sababu simu yako haisikiki mpaka uweke spika, na jambo hili si la kusikilizwa na baraza zima. Barua nampa Kasiani wa bodaboda. Anasema hajui kusoma, nami nimeamua kumwamini.

Ule mtumbwi alionunua Bakari bado hauna namba. Ofisini wanataka barua ya aliyemuuzia, naye amehama, wengine wanasema yuko Lindi, wengine wanasema yuko kwa mke wa pili. Sasa maafisa uvuvi wanapita pwani yote. Chombo kisichoandikwa namba mbele, pande zote mbili, hakishuki majini. Nyavu na maboya vilevile. Shemeji yako ana siku kumi na moja nyumbani, anatufundisha kupika.

Wewe ni katibu wa kikundi cha ufukwe, na namba zote za Msimbati zimeandikwa kwa mkono wako. Tufanyeje?

Mdogo wako,
Farida

*

Msimbati
10 Agosti 2023

Mdogo wangu Farida,

Wa alaykum salaam. Mguu wa wifi yako umepona, sasa kinachomsumbua ni mdomo, na anayeumwa ni mimi. Mpe Warda tangawizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa raha, maana si kila siku Bakari anakuwa na haja kwangu. Siku ya ndoa yenu alisema mbele ya watu kwamba mimi ni mvuvi wa karatasi. Mwambie karatasi leo imevua.

Namba ni kama kanzu. Serikali inaitazama kanzu, haimtazami aliyeivaa. Chombo changu ni 417. Hakitoki Msimbati, na chenu hakitoki Mtwara mjini, vitakutana wapi? Basi andikeni 417. Urefu wa shibiri, nyeupe juu ya weusi. Nne muifunge juu kama paa la nyumba, mimi ndivyo ninavyoiandika, na maafisa wameshaizoea.

Maboya msiyasahau. Huku dumu lolote linaloelea bila namba nalichukua mwenyewe kwa jina la kikundi. Jana nimechukua saba ya mzee mmoja, akalia. Nilimwambia alie taratibu, sheria haina masikio. Na desturi mnaijua: kilichookotwa baharini kikiwa na namba hurudishwa kwa mwenye namba, hata aliyekiokota akiwa ng'ambo ya Ruvuma. Likipotea dumu lenu, litaletwa kwangu, nami nitawatumia.

Barua hii ichome.

Kaka yako,
Hemedi

*

Ufukoni
2 Septemba 2023

Kaka Hemedi,

Salaam nyingi, na za Warda, ambaye mafua yamemwacha na maneno yamezidi. Shemeji yako anakushukuru. Alisema kwa sauti ndogo, lakini nilisikia.

Namba imekaa vizuri. Afisa alipita, akaitazama nne, akaenda zake. Madumu nimeyaandika mimi mwenyewe, na kila mpini nimeufunga kipande cha kanga yangu ile ya zambarau, ili Bakari ayatambue akiwa mbali. Dumu moja lilikuwa na ufa, nikaliziba kwa kisu cha moto na kipande cha ndoo ya bluu. Baya kwa sura, lakini haliingizi tone.

Samaki wa hapa karibu wamepungua. Anataka kusogea kusini, karibu na mdomo wa Ruvuma. Nimemwambia huko kuna 417 nyingine, akacheka, akasema basi atakusalimia.

Barua yako sijaichoma. Warda anajifunzia mwandiko.

Mdogo wako,
Farida

*

Ufukoni
27 Septemba 2023

Kaka Hemedi,

Salaam. Nisamehe kwa kufupisha.

Bakari alitoka Ijumaa baada ya swala, peke yake, kwenda huko kusini. Hajarudi. Leo Jumatano.

Jumatatu nilikwenda ofisini kuomba atafutwe. Wakauliza namba, nikawatajia. Jana wakaniita, wakasema, "Mama, chombo chako hakijapotea. Tumempigia mwenye 417, anasema amekikalia mchangani anashona wavu." Nikawaeleza ukweli wote, kwamba vyombo ni viwili na namba ni moja. Wakakupigia tena mbele yangu, na simu yako, kama kawaida, iko kwenye spika. Nikakusikia unasema, "Huyo ni dada yangu, msimlaumu, ana wasiwasi wa mume, akili imemruka kidogo."

Kaka, hawatoi boti kumtafuta mtu ambaye chombo chake kiko mchangani. Wanasema mwenye namba ndiye aseme. Sema tu. Wakichukua mtumbwi wako, nitaomba kwa watu mpaka upate mwingine. Kasiani amesema hatalala njiani, barua hii utaipata kesho.

Farida, mdogo wako

*

Msimbati
1 Oktoba 2023

Mdogo wangu Farida,

Wa alaykum salaam. Barua nimeipata. Huku upepo mkali, na wifi yako kaanza tena na mguu.

Usinihukumu kwa maneno ya simu. Mimi hapa ndiye ninayewanyang'anya watu nyavu zisizo na namba. Nikisema leo kwamba namba yangu niliigawa kama ubwabwa wa hitma, yule mzee wa madumu saba atanisubiri wapi? Ningepoteza chombo, na ukatibu, na uso. Na nyinyi mngepata nini? Bahari haisomi barua za ofisi.

Halafu Bakari ni mtu mzima. Wanaume wengi wamevuka mto huu wakakuta ng'ambo kuna pilau. Subiri. Akirudi na mke wa pili, utamkumbuka kaka yako aliyekwambia usilie haraka.

Nimempa Kasiani samaki wakavu, wa kwako na Warda. Wamo kwenye dumu nililolikata juu. Dumu usilirudishe, ninayo mengi.

Kaka yako,
Hemedi

*

Ufukoni
9 Oktoba 2023

Hemedi,

Samaki nimewapata. Dumu nililiweka jikoni siku tatu bila kulitazama.

Namba umeikwangua vizuri. Kanga umeikata, ila fundo limebaki kwenye mpini, la zambarau. Na chini kuna kiraka cha bluu.

Nina swali moja tu. Dumu hili lilikufikia siku gani, na lililetwa na nani?

Farida

*

Msimbati
12 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Hata salamu umeninyima. Mama angekuwepo angekukemea.

Madumu yasiyofanana yako wapi? Pwani nzima inapika kwa mafuta yale yale. Lakini kwa kuwa umeuliza kwa ukali, nitajibu kwa upole. Ni kweli kuna watu wa ng'ambo waliniletea madumu manne na kipande cha wavu wa jarife. Siku siikumbuki. Namba ilikuwa yangu, nikapokea, kama desturi. Nilinyamaza kwa huruma, nisikukatie tamaa. Mtu akiletewa wavu hajaletewa maiti.

Hayo tuyaache. Zile barua zangu za mwanzo mpe Kasiani anirudishie. Warda atafute mwandiko mwingine wa kujifunzia. Wangu haufai tena kwa mtoto.

Kaka yako anayekupenda,
Hemedi

*

Ng'ambo ya Ruvuma
20 Oktoba 2023

Hemedi,

Siku umezisahau, nimekuja kukukumbushia.

Nimevuka Jumanne. Najua ninayo eda na sikupaswa kutoka, lakini wiki tatu za mwanzo za eda hiyo nimezila bila kujua, nikipika, nikicheka na Warda, nikila samaki wako. Usinifundishe dini.

Nimefikia kwa Bi Hawa. Yeye ndiye aliyemlaza Bakari kwenye mkeka wake. Walimwokota Jumapili jioni akiwa hai, amejifunga kwa kamba ya jarife kwenye madumu manne. Midomo ilikuwa imevimba, hawezi kusema. Jumatatu wanawe wawili walikuletea madumu, na habari ya mtu. Wananihadithia hapa, wote wawili, na maneno yao hayapishani. Ulishuka mpaka maji ya magoti. Ukalitazama kila dumu, ukahesabu manne. Wakakwambia, "Na mtu wako yupo, mgonjwa, njoo umchukue." Ukawajibu, "Vitu ni vyangu. Mtu simjui. Watu wangu wote wapo." Ukawapa muhogo wa njiani.

Kesho yake ofisi ikakupigia mara mbili. Ulikuwa unajua alipolala.

Sauti ilimrudi usiku wa Jumanne, kidogo. Jina lake hakulisema. Alisema neno moja tu, "Shemeji." Kila kivuli kikipita mlangoni aliinua kichwa, akauliza, "Shemeji?" Bi Hawa hakuweza kumwambia kwamba walishafika kwako. Alimwambia uko njiani, maji yamekupwa, unangoja yajae. Alhamisi alasiri akafa akikungoja. Barua yangu uliipata Alhamisi hiyo hiyo asubuhi. Kasiani anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamuuliza bei ya petroli.

Kabla ya kuvuka nilipita ofisini. Barua zako zote niliwapa. Afisa aliziweka kando ya picha ya mtumbwi wako, akatazama ile nne, hakuniuliza tena habari za akili yangu. Akapiga simu ng'ambo, wakamwambia mtu wa madumu manne walishamzika, akafungua daftari, na mbele ya 417 akaandika: kimezama, mtu mmoja amefariki. Kwa hiyo hicho unachokikalia mchangani, kwa kanuni zako mwenyewe, hakipo. Wenzako wa kikundi wameshapelekewa habari. Nasikia yule mzee ameomba akifute namba yeye, kwa mkono wake.

Kaburi nimelikuta. Walimzika vizuri, Mungu awalipe. Jina hawakulijua, na hawakutaka alale bila alama, basi wakachukua ubao na kuandika kile walichokiona kwenye madumu. Wameniuliza kama waikwangue. Nimekataa. Jina la Bakari nimeliandika juu, na namba nimeiacha chini yake.

Waliinakili kwa uangalifu sana. Nne wameifunga juu, kama ulivyoagiza.

Farida,
mjane wa Bakari