Jina la Papa halikuwa kwenye orodha

Mjukuu wangu Furaha,

Tunakuombea afya huko Lubumbashi. Huku Kalemie mama yako amepona malaria, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa.

Uliniuliza Papa, baba yangu, amezikwa wapi. Sijui, mama. Nakueleza ninachojua.

Mwaka 1964 tulikaa milimani, kwenye kambi ya wafanyakazi wa bwawa la umeme. Kazi ya Papa ilikuwa kuondoa majani kwenye wavu wa chuma, maji yapite kwenda kwenye mashine. Vita vilipokaribia, lori likaja kutuchukua. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwenye haya, ila kwa kusoma nilisifika. Kapita, msimamizi wa wafanyakazi, akanipa orodha ya watu wa kupanda.

"Soma kwa nguvu, Mademoiselle Kitabu! Lori halisikii kunong'ona."

Nikasoma mpaka mwisho, kisha nikamnong'oneza Papa.

"Papa, jina lako haliko."

"Niliomba wasiliandike. Nikienda, majani yataziba maji, na hospitali ya mjini itakosa taa. Panda na mama yako."

Hakuna mwingine aliyeitazama karatasi ile. Ningelitamka jina lake, wanaume wangempandisha kwa nguvu. Lakini shuleni nilifundishwa kusoma kilichoandikwa tu, nikamrudishia kapita karatasi, nikapanda. Tangu hapo, nikipewa orodha, huuliza kwanza nani hayumo.

Mjini tulifikia kwa shangazi. Kila jioni Mama aliitazama balbu ikiwaka, ndipo alipokula. Jioni ya kumi haikuwaka. Akaanza kulia, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ametuletea habari yoyote.

Ni mimi Koko, bibi yako, ninayekukumbuka.