Nambandika Mume Wangu Mashine ya Umeme na Kumficha Kocha

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na naomba uniwahi, kwa sababu Jumamosi mume wangu anakimbia mchujo wa mita elfu tano na mimi nina siri yake inayoninyima raha.

Mume wangu ana miaka ishirini na sita, mchana anapakia mifuko ya saruji ghalani na jioni yuko mazoezini, mimi nipo nyumbani na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu. Miezi mitatu iliyopita kocha alimpa mashine ndogo ya umeme, haina sindano wala haichani ngozi, ina nyaya na vibandiko vinavyonata, unavibandika pajani unawasha, inatekenya mishipa ya fahamu mpaka msuli unacheza wenyewe, kocha anasema inaamsha miguu kabla ya kukimbia, na kweli muda wake ulishuka, tukafurahi, nikawa namtania kwamba ameoa mke wa pili mwenye nyaya. Kocha alimchora maduara manne pajani kwa kalamu ya wino mzito, vibandiko vikae humo tu, na kila Jumatatu anakagua.

Sasa mwezi uliopita akaanza kuumwa ugoko wa kulia, mahali pamoja tu, ukimgusa kwa kidole anaruka, akaniambia, "Mama watoto, hebu bandika hapa chini tuone," nikabandika, maumivu yakapoa, na tangu siku hiyo paja halibandikwi tena, ni ugoko asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayeyarudia yale maduara kwa kalamu ili kocha akiangalia ayaone yako palepale. Nguvu ya mashine tulianza namba tatu, sasa tuko namba tisa. Nikimuuliza ananiambia, "Sisikii kitu, ongeza," nami naongeza, nikadhani mashine imechoka, nikaenda hadi dukani kununua betri mpya.

Juzi, mashine ikiwa imezimwa, binti yetu alimwangukia kwenye mguu ule, mtoto mwepesi tu, mume wangu akapiga yowe jasho likamtoka, nikamwambia twende hospitali, akasema, "Ukimwambia kocha umenikatia maisha kwa mkono wako. Ngoja Jumamosi ipite." Akichaguliwa ataingia kambini na timu itampa kazi, ataachana na saruji. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya mishipa siyajui, ila nampenda, na naona labda Mungu atamshikilia siku hizi chache zilizobaki. Je, Jumamosi nimbandike au nimsaliti?

Mke wa mkimbiaji

JIBU

Mke wa mkimbiaji, namba ya simu uliyoandika nimeipiga mara sita, haipatikani, ndiyo maana barua yako imezitangulia nyingine zote gazetini leo Alhamisi.

Pole, mdogo wangu. Nimemsomea mtaalamu wa mifupa barua yako. Nilipofika pale pa kidole akaniambia nirudie. Anasema bila picha hawezi kuapa, lakini mkimbiaji anayeumwa mfupa mahali pamoja huenda ana ufa, na wako waliokimbia na ufa hadi mfupa ukakatika wakiwa mbioni. Mashine hiyo haiungi mfupa. Kocha aliitoa kwa ajili ya msuli wa paja, ninyi mmeigeuza ganzi.

Na usijifiche nyuma ya darasa la saba. Mtu anayejua kuyarudia maduara manne kocha asishtuke anajua vizuri sana anachokificha. Unamtania mumeo kuhusu mke mwenzio mwenye nyaya, lakini mikono ni yako. Unauliza umsaliti? Umemsaliti mwezi mzima, kila ulipoongeza namba.

Leo usimbandike. Akijibandika mwenyewe usigombane naye. Jioni mbebe mtoto uende mazoezini, usitume mtu wala ujumbe, useme mume wako akisikia: "Kocha, huyu ana wiki nne anaumwa mfupa, mashine tunaiweka ugokoni, na maduara nachora mimi." Halafu nyamaza. Usilie, usianze kumwombea msamaha. Kocha akikwambia akimbie tu, mfuateni daktari wa mashindano kesho asubuhi, na mguu huo usikanyage uwanja kabla haujapigwa picha.

Sitakudanganya. Nafasi ya Jumamosi itakwenda, na huenda isije nyingine. Mume wako atakununia, ndugu zake watasema ulimwonea wivu. Waache waseme.

Kuna jambo hukuniuliza. Picha ikionyesha ufa, saruji nayo hatabeba, kwa wiki nyingi, na hakuna wa kuwalisha hapo ndani zaidi yako. Kwa hiyo ukitoka uwanjani usirudi nyumbani kuomboleza. Pita ghalani, waulize kama wanahitaji mtu wa kufagia.